Kampuni Tuliyoiombea Segerea

Siku moja kwa mwaka nilikuwa nafunga duka langu la steshenari pale Mabibo asubuhi ya siku ya kazi, wanafunzi wa hosteli wakiwa wamejipanga mlangoni na flashi zao, wakitaka kuchapiwa kazi za kupeleka chuo. Walinuna, wengine wakanitukana kwa adabu ya wasomi. Nikateremsha shata, nikabandika karatasi ya kusema nimepata dharura ya kifamilia, nikaondoka. Nilibeba kompyuta na spika ndogo, nikaenda Segerea kwa mama. Saa tano kamili kampuni anayofanyia kazi dada yangu ilikuwa inatangaza matokeo yake ya mwaka, na mama hakutaka kukosa hata neno la kwanza.

Kampuni yenyewe ni ya teknolojia, iko Ulaya, na ni kubwa kiasi kwamba huenda hata ndani ya simu yako wewe unayesoma kuna kitu walichokitengeneza wao. Jina silitaji, dada bado anakula huko. Yeye yuko kwenye idara inayoshughulika na wenye hisa. Siku ya matokeo, kabla wakubwa hawajaanza habari za mapato na faida, lazima mtu mmoja awakaribishe wasikilizaji wa dunia nzima na kuwasomea tahadhari: kwamba yote yatakayosemwa kuhusu mwaka ujao ni matarajio tu, yanaweza yasitimie, na mtu asije akalalamika baadaye. Mtu huyo alikuwa dada yangu. Alisoma kama dakika nne hivi, akampisha bosi wake, basi. Kwa ajili ya dakika hizo nne mama alikipiga pasi kitenge chake cha sikukuu tangu siku ya kuamkia.

Mama hajui Kiingereza. Dada alipowasabahi wale wenye hisa, mama aliitikia, "Marahaba, mwanangu," akafumba macho, akasikiliza. Mtaniambia siku hizi simu zipo, na za kuonana sura zipo. Zipo, na dada alikuwa anapiga kila Jumapili. Lakini kwenye simu alikuwa mtu wa haraka, mwenye "nitawapigia baadaye" nyingi. Kwenye matokeo ya mwaka alisoma taratibu, akitua penye nukta, kwa sauti ileile aliyosomea somo la kwanza kanisani alipokuwa msichana, mama akiwa benchi la tatu anajidai. Mama alimpata binti yake aliyemlea humo ndani ya tahadhari ya wenye hisa. Nami pia, nisijifanye mgumu. Nilikuwa namkumbuka dada yangu mpaka kifua kinauma. Ndiye aliyenifundisha kusoma, ndiye aliyekuwa ananipeleka Sinza Jumapili kula chipsi mayai kwa pesa aliyoibana kwenye nauli yake, na hadi mwaka huu miaka saba imepita hatujamtia machoni.

Baba alifariki mwanzoni mwa mwaka wa pili wa dada kuwa huko, wiki moja kabla ya matokeo. Alikuwa mchonga vinyago, mtu wa kusini kama mama, na alianguka kwenye karakana yake akiwa na patasi mkononi. Dada hakuja. Alituma pesa za jeneza na za chakula cha waombolezaji, akasema kipindi kile hakuna anayeruhusiwa kutoka kazini, hesabu za mwaka zinafungwa. Tukazika. Arobaini ikapita, hakuja.

Kwetu mtu aliyekosa mazishi halipi kwa pesa. Siku atakayokuja, hata miaka ipite, atapokelewa kwa kilio getini, atapelekwa kaburini kabla hajanywa maji, na wanawake wataanza msiba upya kwa ajili yake. Ni desturi ya upendo, wala haina nia ya kumwadhibu mtu. Lakini ukiwa mbali, peke yako, nadhani inatisha.

Mwaka huohuo dada akamwambia mama kwenye simu, "Mama, mwaka ukiwa mzuri hapa kazini watatupa likizo ndefu. Nitakuja."

Mama akalichukua neno hilo kama lilivyo. "Kumbe kinachomzuia ni huo mwaka," akaniambia. Jumamosi iliyofuata akalipeleka kwenye jumuiya.

Jumuiya yetu husali Jumamosi asubuhi, nyumba hadi nyumba, na baada ya masomo kila mtu hutoa nia yake. Watu huombea wagonjwa, watoto wenye mitihani, mabinti wanaotafuta wachumba. Mama akasimama. "Naiombea kampuni ya binti yangu ipate faida mwaka huu. Ee Bwana." Wote wakaitikia, "Twakuomba utusikie," bila mtu kucheka. Aliyecheka ni mimi, nikakatwa jicho na mama mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mrefu muuza samaki, mwenye sauti ya kuamrisha hata anaposali rozari. Yeye ndiye aliyeamua kwamba jambo hili linataka novena. Wakasali siku tisa. Sidhani kama wenye hisa wenyewe waliwahi kuihangaikia faida yao namna ile.

Siku ya matokeo tulijaa sebuleni. Dada akasoma zile dakika zake nne kwa mara ya kwanza, mama akaitikia marahaba yake, halafu bosi akachukua nafasi, mimi nikawa natafsiri. Faida imepanda, nikasema, tena sana. Vigelegele vilivyopigwa pale, jirani alikuja kuuliza ni harusi ya nani.

Mama akanunua godoro jipya. Akaagiza ming'oko kutoka kwetu, vile viazi pori vya kusini alivyovipenda dada na ambavyo mjini ni shida kuvipata. Akapaka chokaa chumba. Dada akasema kwanza kuna mkutano mkuu wa wenye hisa. Mkutano ukapita, akasema kuna matokeo ya robo mwaka. Hiyo robo ikapita, kumbe inafuata robo nyingine. Ming'oko ikaoza, tukaitupa. Mama akaanza kukonda, na jioni moja akaniuliza, "Sasa, baba, si ulisema mwaka ulikuwa mzuri?" Nilikuwa namfungia bomba la jikoni. Nikajifanya sijasikia.

Usiku huo sikuvumilia, nikampigia dada.

"Dada, unakuja au huji? Nambie tu."

"Dogo, we hujui. Nikija naingiaje pale getini? Baba yangu nyie mnamfukia, mie nimekaa ofisini nahakiki karatasi za faida ya watu. Mama mwenyekiti ataniangalia usoni, nitasema nini?"

"Hutasema kitu. Utalia, tutalia, yataisha."

"Nitakuja. Nipe muda."

Akakata. Nilimkasirikia wiki nzima, na hasira ilipoisha nikabaki namkumbuka palepale.

Mwaka wa pili faida ikapanda zaidi. Bosi alikuwa anaongea kwa furaha ya mtu aliyeoa jana. Mama akanigeukia na kitenge chake kilichopigwa pasi, akauliza, "Wanasemaje?" Nikamwangalia. Niliona kabisa kwamba nikisema imepanda, godoro litatandikwa tena, chumba kitapakwa chokaa tena, na safari hii hatakonda tu.

"Imeshuka, mama," nikasema. "Imeshuka kidogo."

Nilitegemea ahuzunike. Badala yake alishusha pumzi, mabega yakamlegea. Kumbe binti yake hajakataa kuja, ni kazi tu imekwenda kombo. "Maskini mwanangu," akasema, "watakuwa wanamsumbua huko." Jioni dada akanipigia, kwanza akazungukazunguka, halafu akauliza, "Umemwambiaje mama?"

"Nimemwambia mmepata hasara."

"Asante, mdogo wangu," akasema. Sikuipenda hiyo asante, lakini niliipokea.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilienda miaka mitano, tena ilikuwa na lami. Mwaka wa tatu kampuni ikaanza kuonyesha michoro kwenye skrini, vile viguzo vya rangi vinavyosimama kimoja kimezidi kingine kwa urefu. Mama mwenyekiti akasogea mpaka pua ikagusa kompyuta.

"Hivi vinavyopanda ni nini?"

"Ni gharama, mama."

"Yesu na Maria! Zote hizo?"

"Zote hizo."

Wanawake wakatikisa vichwa kwa huruma ya kweli. Mama mwenyekiti akasema hao mabosi hawajui biashara. "Mie samaki wakilala wabichi, nawakaanga, kesho nauza wa kukaanga. Silali na hasara. Mwambie dada yako awaambie wakaange." Nikaahidi kumwambia. Kabla ya kuondoka akapitisha kikapu, kwamba mtoto wa mwenzetu yuko ugenini kwenye kampuni inayoyumba, hana shangazi wala mjomba wa kumkimbilia. Watu wakatoa, na si watu wenye nacho. Nikakabidhiwa bahasha niitume. Nilimpelekea dada picha ya ile bahasha, yenye jina lake lililoandikwa kwa kalamu nyekundu, nikamwuliza niifanyeje. Siku mbili hakujibu. Siku ya tatu akaniandikia niipeleke kanisani, nikaipeleka.

Mwaka mwingine mama mwenyekiti alichoka kabisa. "Kwani hiyo kampuni isifungwe tu, mtoto arudi nyumbani?"

"Usiseme hivyo," mama akamwambia. "Mle ndani kuna watu wana familia zao."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kampuni yenye fedha kuliko nchi kadhaa, Segerea ilihesabiwa miongoni mwa wahitaji, kati ya mgonjwa wa kisukari na kijana aliyefeli. Nilicheka nikiwa peke yangu dukani. Lakini nilijua pia kwamba kila mwaka nilikuwa namnyima mama neno moja la kweli, na kwamba dada, akijua nyumbani kuna mtu wa kumsemea, alikuwa anazidi kuzoea kutokuja. Nilikuwa nawasaidia wote wawili kuumia polepole.

Mwaka huu faida ilivunja rekodi. Walisema wenyewe, wakarudia. Nilipoulizwa nikajibu, "Bado. Wanajikongoja." Wanawake wakampa mama pole, wakanywa chai na vitumbua, wakaondoka. Nikarudi Mabibo kuchapa kazi za watu.

Jumamosi jioni nilipita Segerea na mfuko wa vitunguu. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi, redio yake ndogo ikiwa juu ya kabati la vyombo. "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba tu, bila lile "baba" lake la siku zote, akaendelea kukuna.

"Hivi kampuni ya dada yako inaitwaje vile?"

Nikaitaja.

"Basi wameitaja. Kwenye taarifa ya habari, kwa Kiswahili." Akakung'uta kifuu. "Wanasema imepata faida ambayo haijawahi kuipata. Wanasema imekuwa ikipanda mfululizo. Mfululizo maana yake nini, baba?"

"Mama..."

"Mie nimeuliza."

"Mwaka baada ya mwaka."

"Na ile gharama iliyokuwa inapanda?"

"Ilikuwa faida."

Nilisimama na vitunguu vyangu. Nikamweleza yote: geti, kaburi, ile simu ya usiku, zile karatasi alizokuwa anahakiki saa tunazika. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso kutoka kwenye mbuzi ya nazi.

"Kwa hiyo anaogopa kilio," akasema.

"Anaogopa kilio, anatuogopa na sisi."

"Ana haki. Hata mie nakiogopa." Kisha hasira ikampanda, na nilishukuru kuiona, maana ule utulivu wake ulikuwa unaniua. "Umenidanganya mie, sawa, nimekuzaa, nitakufanyaje. Lakini umewapigisha magoti wanawake wa watu kuombea matajiri! Mama mwenyekiti alifunga siku tatu kwa ajili yao! Mtu mwenye vidonda vya tumbo!"

Nikaomba radhi. Halafu na mimi nikapandisha, maana nilikuwa nimechoka kubeba siri ya watu wawili. Nikasema kesho dada akipiga namwambia wazi kwamba mama ameshajua, aache visingizio vya robo mwaka, akate tiketi aje amlilie baba yake kama watu wengine.

"Thubutu," mama akasema.

"Mama, miaka saba!"

"Naijua kuliko wewe. Nimeihesabu mie." Akaweka kifuu chini, akajifuta mikono kwenye khanga. "Sikiliza. Akijua kwamba najua, atakosa pa kujificha. Na mtu asiye na pa kujificha hapigi simu. Leo nina Jumapili zangu. Akinisikia kwa dakika tano, nami nikamsikia, naishi nazo wiki nzima. Ukimnyang'anya hicho kisingizio, umeninyang'anya mie hizo Jumapili. Unataka nibaki na nini?"

Nililala pale Segerea, kwenye godoro la dada ambalo halijawahi kulaliwa naye, na ile nailoni lililofunikwa nayo kuzuia vumbi ilikuwa inalia kila nikijigeuza.

Jumapili baada ya misa dada akapiga kama kawaida. Tulikuwa jikoni, redio inaimba kwaya kwa sauti ya chini. Mama akaniashiria niweke spika, niiweke simu juu ya ndoo iliyofunikwa. Wakasalimiana. Dada akauliza miguu ya mama, mama akasema inakwenda. Kisha mama akaniangalia mara moja, akaiinamia simu.

"Pole, mwanangu. Ndugu yako kanieleza. Nasikia mwaka huu nao umewaangusha."

"Mama," dada akasema, "kwani huko redioni hamjasikia kitu?"

"Redio gani? Yangu imekwisha betri wiki nzima hii," mama akasema, akanyoosha mkono juu ya kabati, akaizima.

Kwaya ikakatika katikati ya neno, na dada aliisikia ikikatika. Nilijua kwa jinsi alivyoacha kupumua. Nikataka kusema kitu, mama akanizuia kwa kiganja. Tukangoja. Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wa maji.

"Mama," dada akasema tena, na hapo sauti yake ikavunjika. Akaanza kulia. Alilia kilio kikubwa, cha wazi, cha mtu aliyefika getini, akimwita baba.

Mama hakumnyamazisha. Alikisukuma kigoda pembeni, akaketi chini sakafuni karibu na ile ndoo, akainyoosha miguu, akaifunga khanga kiunoni. Kisha naye akaanza kulia.